Menelik wa Uhabeshi na Watu wa Visima

Kila mtoto wa pwani aliyekaa mkekani chuoni amesikia habari za Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Masahaba wa Mtume (S.A.W.) walipozidiwa na mateso ya Makureshi huko Makka, walivuka bahari wakaenda kwake kuomba hifadhi, naye akawapa. Makureshi walimpelekea wajumbe na zawadi ili awatoe wageni wake, akakataa. Kwa sababu hiyo jina la Uhabeshi limebaki na heshima katika nyumba za Waislamu hadi leo.

Lakini yuko mfalme mwingine wa nchi hiyo hiyo, aliye karibu nasi zaidi kwa zama, ambaye habari zake si wengi wetu wanaozijua vyema, ingawa kazi yake imo katika ramani ya Kenya. Huyo ni Menelik wa Pili. Msafiri atokaye Lamu au Mombasa, akaingia Garissa, akapita Wajir na kuendelea hadi Moyale, ataukuta mwisho wa safari yake mpaka wa Ethiopia. Mpaka huo ulikubaliwa baina ya Waingereza na Menelik mnamo mwaka 1907. Watu wanaokunywa maji ya visima vya pande zote mbili hawakuwapo katika kikao hicho, wala hawakuulizwa.

Ili kufahamu jinsi mambo yalivyofika huko, yafaa tumfuate mtu huyu tangu utoto wake.

MTOTO MATEKA

Menelik alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka 1844 katika nchi ya Shewa, iliyo katikati ya Ethiopia ya leo. Jina lake la utotoni lilikuwa Sahle Maryam. Babu yake, Sahle Selassie, alikuwa mfalme wa Shewa, na baba yake, Haile Melekot, akarithi kiti hicho. Mama yake, Ejigayehu, alikuwa mtumishi wa jumba la mfalme. Wakati huo Uhabeshi haukuwa dola moja, bali falme na majimbo yaliyokuwa yakipigana kila mara.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mnamo 1855, Mfalme Tewodros aliivamia Shewa akiwa na nia ya kuzikusanya falme zote chini ya mkono wake. Haile Melekot akafa katika siku hizo za vita, na mwanawe akachukuliwa mateka. Akapelekwa Magdala, ngome iliyo juu ya mlima wenye magenge pande zote, akakaa huko kiasi cha miaka kumi. Tewodros hakumtesa. Alimlea pamoja na vijana wa jumba lake, akamfunza mambo ya vita na utawala, hata akamwoza binti yake. Lakini mateka ni mateka hata akilishwa asali, na kijana alikuwa akiikumbuka nchi ya baba yake.

Usiku mmoja wa mwaka 1865 akatoroka, akimwacha mkewe nyuma. Njia ya kurudi Shewa ilipita katika nchi ya Wollo, na Wollo ilikuwa nchi ya Waislamu wa kabila la Oromo. Mtawala wa sehemu hiyo alikuwa mwanamke, Malkia Workitu. Na malkia huyu naye alikuwa na mtihani wake, kwani mwanawe mwenyewe alikuwa mateka wa Tewodros juu ya ngome ile ile ya Magdala. Mkimbizi aliyeingia nchini mwake alikuwa na thamani kubwa kwa Tewodros, na mama yeyote angewaza kumbadilisha na mtoto wake.

Mambo hayakwenda hivyo. Tewodros alipopata habari kwamba Menelik yuko Wollo alishikwa na ghadhabu, akamuua mwana wa malkia pamoja na mateka wengine. Menelik akapita salama katika nchi ya Waislamu hao, akafika Shewa, na watu wake wakampokea kwa shangwe na kumtawaza. Basi tangu siku za mwanzo za ufalme wake, Menelik alikuwa na deni kwa watu wa Wollo, na deni hilo lilikuwa damu ya mtoto wa Kiislamu.

WOLLO HAIKUBAKI SALAMA

Tewodros alijiua mwaka 1868, jeshi la Waingereza lilipoiteka Magdala. Baada yake akainuka Yohannes wa Nne, aliyetawazwa kuwa Mfalme wa Wafalme mwaka 1872. Menelik alikitamani kiti hicho, lakini hakuwa na nguvu za kutosha, na mwaka 1878 akamtii Yohannes ili abaki mfalme wa Shewa.

Mwaka huo huo wakuu wa dini na wa dola walikutana Boru Meda, katika nchi ya Wollo. Yohannes alitaka dola yake iwe na dini moja. Waislamu wa Wollo wakaamrishwa kubatizwa, na wenye vyeo wakaambiwa wachague baina ya dini yao na vyeo vyao. Imamu Mohammed Ali, mmoja wa watawala wakubwa wa Wollo, akabatizwa, akapewa jina la Mikael. Wengi walikataa. Wengine walihama makwao, wengine walipigana, na wengine walikuwa Wakristo mchana na Waislamu usiku. Menelik hakuwa mkali wa dini kama Yohannes, lakini katika jambo hilo alisimama upande wa bwana wake. Deni la Workitu halikukumbukwa siku hiyo.

HARAR YAANGUKA

Akiwa chini ya Yohannes, Menelik alianza kupanua nchi yake kuelekea kusini, magharibi na mashariki. Mkono wake mkubwa katika kazi hiyo ulikuwa Ras Gobana, jemadari shujaa ambaye mwenyewe alikuwa Moromo, akawatiisha Waoromo wengi kwa ajili ya Shewa. Mali ya nchi hizo, yaani pembe za ndovu, buni, dhahabu, zabadi na watumwa, ilipelekwa pwani ya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, na kwa fedha yake zikanunuliwa bunduki. Bunduki zikaleta nchi nyingine, na nchi nyingine zikaleta bunduki zaidi. Mwaka 1886 ulianza mji mpya wa Addis Ababa, mahali alipopapenda mkewe, Taitu, kwa ajili ya chemchemi zake za maji ya moto.

Upande wa mashariki ulikuwapo mji wa Harar, mji wa kale wenye ukuta, misikiti mingi na makaburi ya mawalii, ambao kwa Waislamu wa Pembe ya Afrika ulikuwa kama Lamu ilivyo kwetu. Wamisri waliukalia kwa miaka kumi, wakaondoka mwaka 1885, wakamwachia Amiri Abdullahi. Mwezi wa Januari 1887 Menelik akaja na jeshi kubwa. Amiri alitoka kupambana naye mahali paitwapo Chelenko, na vita havikuchukua muda mrefu. Mji ukaingia mikononi mwa Menelik, akauweka chini ya jamaa yake, Ras Makonnen. Kanisa likasimamishwa katikati ya mji. Makonnen alitawala kwa busara, biashara ikaendelea, na misikiti haikunyamazishwa. Hata hivyo, uamiri wa Harar ulikwisha siku hiyo, na mlango wa kwenda Ogaden ukawa wazi.

Ogaden ni nchi ya malisho ya Wasomali. Majeshi ya Harar yakaanza kuteremka huko kutafuta ng'ombe, ngamia na kondoo. Dola ile haikuwa na ghala ya kuwalisha askari wote hao, na wafugaji waliozungukwa na askari wenye bunduki waligeuzwa ghala.

MIAKA YA SOTOKA

Kuanzia mwaka 1888 msiba mkubwa uliishukia nchi yote. Maradhi ya sotoka yaliingia kutoka pwani ya Bahari ya Shamu, yakaua ng'ombe kwa wingi usiosemeka. Bila ng'ombe wa kulimia mashamba yalilala, nzige wakaja, na njaa ikadumu hadi 1892. Inasimuliwa kwamba Menelik mwenyewe alishika jembe mbele ya watu ili wasione haya kulima kwa mikono. Sotoka haikujua mpaka. Iliteremka hadi kwa Waborana, kwa Waorma wa mto Tana na kwa Wamasai, ikawaacha wafugaji waliokuwa na maelfu ya ng'ombe wakiwa mafukara.

Katikati ya msiba huo, Machi 1889, Yohannes akauawa akipigana na wafuasi wa Mahdi wa Sudan. Mwezi wa Novemba mwaka huo Menelik akatawazwa kuwa Mfalme wa Wafalme. Alirithi dola yenye njaa, na jibu lake lilikuwa kuwapeleka askari wake kusini, ambako bado palikuwa na chakula.

MFALME ALIYEKATAA KUTAZAMA TU

Hapa hatuna budi kumpa haki yake. Zama zile Wazungu walikuwa wakiigawa Afrika kama wagawavyo mkate. Sisi wa pwani twayajua hayo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakampimia Sultani wa Unguja ukanda wa maili kumi, na mnamo Novemba 1890 Unguja yenyewe ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Watawala wengi wa Kiafrika walijikuta wametiwa ndani ya mistari ambayo hawakuiona ikichorwa.

Menelik hakutaka yawe hayo kwake. Mwaka 1891 aliwaandikia wakuu wa Ulaya barua akiwajulisha mipaka ya nchi yake, na akatangaza kwamba, iwapo mataifa ya mbali yanakuja kuigawa Afrika, yeye hatakaa kitako akitazama. Katika barua hiyo alidai pia mipaka aliyoiita ya kale, ifikayo Khartoum upande mmoja na ziwa Nyanza upande mwingine, pamoja na nchi zote za Waoromo. Nyingi ya nchi hizo hakuwa amezitia mguu, na watu wake hawakuwa wakimjua.

Waitaliani walijaribu kumfanya chini yao kwa hila ya mkataba ulioandikwa kwa lugha mbili zenye maana mbili. Alipoitambua hila hiyo aliukataa mkataba, na tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, akalivunja jeshi lao. Zaidi ya askari 6,000 wa upande wa Italia, Wazungu na Waafrika waliowatumikia, waliuawa. Habari hiyo ilienea duniani kote, na watu weusi wa Afrika na Marekani wakajua kwamba Mzungu aweza kushindwa. Katika jeshi lililoshinda Adwa walikuwamo Waoromo wengi, na Waislamu nao hawakukosekana.

Ushindi huo ulimfanya Menelik awe mtu wa kuketi meza moja na Waingereza, Wafaransa na Waitaliani. Ni jambo la fahari. Lakini kwenye meza hiyo kilichokuwa kikigawanywa ni nchi za watu wengine.

ASKARI WASIO NA MSHAHARA

Nchi za kusini zikaanguka moja baada ya moja. Wolayta ilitekwa 1894 baada ya mauaji makubwa. Kaffa ilitekwa 1897, na mfalme wake akapelekwa Addis Ababa akiwa amefungwa minyororo. Mwaka 1898 askari wa Menelik walifika kaskazini mwa ziwa ambalo leo twaliita Turkana. Katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne ndipo walipoingia katika nchi ya Waborana.

Waborana ni ndugu wa Waoromo, watu wa ng'ombe. Tangu zamani walikuwa wakitawaliwa na mpango wao wa marika uitwao gadaa, ambao humpa kila kiongozi muda wake kisha akampisha mwingine. Utajiri wao ulikuwa malisho ya Dirre na Liban, na visima vya kina kirefu vya Tula, ambamo vijana hujipanga mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo za maji huku wakiimba. Wakati wa mvua waliteremka na ng'ombe wao kusini, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Walikuwa na mikuki na farasi. Sotoka na ndui zilikuwa zimekwisha kuwadhoofisha, na mbele ya bunduki hawakuwa na la kufanya.

Askari waliowekwa juu yao hawakulipwa mshahara. Walipewa watu. Kila askari aligawiwa jamaa kadhaa za wenyeji, na jamaa hizo ziliwajibika kumlisha, kumjengea, kumkatia kuni na kumpa ng'ombe na samli, kwa kadiri ya cheo chake. Wenyeji hao waliitwa gabbar, na askari mwenyewe aliitwa kwa neno la Kihabeshi lenye asili ya bunduki. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu, kwamba mwenye bunduki hula na asiye nayo hulisha.

Wengi waliona bora kuhama. Waborana na Wagabra wakashuka kusini na mifugo iliyosalia. Wasomali nao, wakiwamo Wadegodia, walisukumwa na vita na uporaji wa upande wa Ethiopia wakaingia Wajir. Si haki kumtwika Menelik mwendo wote wa Wasomali, kwani Waogaden walikwisha kuvuka mto Juba na kuwashinda Waorma miaka mingi kabla yake. Lakini majeshi yake yaliongeza msukumo huo, na kila aliyesukumwa alimsukuma aliye mbele yake. Visima vya Wajir, ambavyo zamani Waborana ndio waliokuwa na sauti juu yake, vikawa na wengi wa kuvigombea. Msukumo ukafika hadi kingo za Tana, mahali ambapo leo pana mji wa Garissa.

MSTARI WA MWAKA 1907

Waingereza waliokuwa Nairobi waliona bendera ya Menelik ikiteremka, wakahofu. Kati ya 1902 na 1903 wapima ramani wao, Archibald Butter na Kapteni Philip Maud, walipita toka mashariki hadi magharibi wakitafuta mahali pa kuweka mpaka. Mwaka 1905 walimweka Mgiriki mmoja, Philip Zaphiro, awe mkaguzi wa mpaka upande wa Moyale. Hatimaye, tarehe 6 Desemba 1907, Menelik na Waingereza wakatia saini mkataba.

Mstari huo uliwapasua Waborana. Dirre, Liban na visima vya Tula vilibaki kwa Menelik, na malisho ya kusini yakawa ya Mwingereza. Wasomali nao, wenye jamaa kila upande, wakagawanywa. Walioandika mkataba hawakuwa wajinga wa jambo hilo. Waliweka sharti kwamba makabila ya kila upande yataruhusiwa kutumia malisho na visima vya upande wa pili kama ilivyokuwa zamani, ila aliyevuka atakuwa chini ya amri ya mwenye nchi. Sharti lilikuwa jema kwenye karatasi. Chini, penye vumbi, kila upande ulitaka kodi, kila upande ulimshuku mgeni, na majambazi wenye bunduki waliutumia mpaka kama mtu atumiavyo ukuta wa kujificha. Mpima ramani mwingine, Charles Gwynn, aliyekuja 1908 na 1909, aliona mstari haufai mahali pengi, lakini Ethiopia haikuyakubali mabadiliko aliyoyapendekeza. Ugomvi wa visima vya mpakani ukaendelea hadi mkataba wa mwaka 1970.

Ili kuulinda mstari, mwaka 1909 serikali ya Nairobi ilimtuma afisa Geoffrey Archer kufungua vituo Marsabit na Moyale, na hapo ikazaliwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Haikuanzishwa kwa kuwa Mwingereza alikuwa na haja ya nchi hiyo kavu. Alitaka ukuta baina ya Menelik na mashamba ya Wazungu wa bara. Watu wa wilaya hiyo wakawa ni watu wa ukutani. Waingereza wakachora mistari mingine ndani, baina ya Wasomali na Waborana, na wakaufanya mto Tana kuwa kikomo ambacho Wasomali hawakuruhusiwa kuvuka. Mwaka 1926 wilaya ikafungwa, hata asiingie mtu wala kutoka bila ruhusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana wakaondolewa Wajir na kupelekwa upande wa Isiolo, na sheria ya 1934 ikawapa maafisa uwezo mkubwa juu ya kila mwenyeji. Shule zilikuwa haba, hospitali haba, na barabara haba.

MWISHO WA MFALME

Menelik hakuyaona hayo. Tangu mwaka 1906 afya yake ilianza kumwacha, na mwishoni mwa 1909 alipatwa na kiharusi kikali kilichomwondolea uwezo wa kusema. Mtu aliyewaamuru maelfu akawa hana ulimi wa kuomba maji. Akalala hivyo miaka minne, huku wakuu wakigombania nguvu, na mkewe Taitu, aliyejaribu kuushika usukani, akaondolewa mwaka 1910. Alikufa tarehe 12 Desemba 1913, na kifo chake kikafichwa kwa muda mrefu kwa kuhofia machafuko.

Aliyemrithi alikuwa mjukuu wake, Lij Iyasu. Na hapa Mwenyezi Mungu ana hekima yake, kwani baba wa kijana huyu alikuwa Mikael wa Wollo, yule yule Imamu Mohammed Ali aliyebatizwa mwaka 1878, ambaye Menelik alimwoza binti yake. Damu ya Waislamu wa Wollo ikakaa juu ya kiti cha Menelik. Iyasu aliwapenda Waislamu, akakaa sana Harar na katika nchi za Wasomali, akaoa katika jamaa zao. Maadui zake wakamtuhumu kwamba amesilimu, na mnamo Septemba 1916 wakamwondoa. Mamlaka yakamwangukia binti wa Menelik, Zewditu, na pembeni yake Ras Tafari, mwana wa yule Makonnen wa Harar. Dunia ikaja kumjua Tafari baadaye kwa jina la Haile Selassie.

MARA MOJA TU WALIULIZWA

Miaka ikapita, na Uhuru ukakaribia. Mwaka 1962 jambo lisilopata kutendeka likatendeka. Wajumbe wawili, Onyiuke kutoka Nigeria na Jenerali Bogert kutoka Kanada, walitumwa na Uingereza wazunguke Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo, wawaulize watu wanataka nini. Wasomali karibu wote walisema wanataka kuungana na Somalia. Wengine, wakiwamo Waborana wengi wasio Waislamu, walitaka kubaki Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku za Menelik kwa watu wa visima kuulizwa habari ya mpaka.

Waliulizwa, lakini jibu lao halikuongoza uamuzi. Mnamo Machi 1963 Uingereza ilitangaza kwamba sehemu ya Wasomali itakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Sisi wa pwani hatukuwa mbali na mambo hayo, kwani mwaka huo huo suala la Mwambao nalo lilikatwa, na ule ukanda wa maili kumi ukatiwa ndani ya Kenya. Kenya na Ethiopia ya Haile Selassie zikaahidiana kusaidiana dhidi ya madai ya Somalia. Serikali mpya iliona kwamba ukilegeza mpaka mmoja, yote italegea, na mwaka 1964 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikubaliana mjini Cairo kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, kwani hakuna nchi ya Afrika isiyo na mpaka wa namna hiyo.

Lakini gharama yake ililipwa na wachache. Kabla mwaka 1963 haujakwisha sheria ya hali ya hatari iliwekwa mkoani, na vita vya shifta vikaanza. Raia waliuawa na pande zote mbili, ngamia na ng'ombe wakamalizwa, na watu waliozoea kufuata mvua wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, aliyoyasimamia Rais Kaunda wa Zambia, yalizima vita, lakini hayakuondoa sheria ile. Ilidumu hadi 1991, na katika muda wake yakatokea ya Garissa mwaka 1980 na ya Wagalla, karibu na Wajir, mwezi wa Februari 1984, ambayo jamaa za waliokufa hawajayasahau.

Ndugu msomaji, Kenya ilipata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, miaka hamsini kamili, siku kwa siku, tangu Menelik alipokata roho. Bila shaka ni sadfa tu. Lakini ni sadfa yenye kufikirisha, kwani siku hiyo taifa changa lilirithi mstari ambao dola nyingine, ikiwa changa katika mipaka yake mipya, ilikuwa imeuchora.

Menelik hakuwa mtu mwovu kuliko wafalme wengine wa zama zake. Aliiokoa nchi yake isitawaliwe na Wazungu, na hilo halitafutika. Alikataa kwa haki kwamba mtu wa mbali amchoree mipaka, kisha yeye akawa mtu wa mbali kwa Mborana na Msomali. Najashi alisifiwa kwa kuwasikiliza wageni wasio na nguvu kabla ya kuwahukumu. Menelik alipitishwa salama katika nchi ya Waislamu alipokuwa yeye ndiye mnyonge, na alipopata nguvu hakuwasikiliza wanyonge wa visimani. Waliokuja baada yake, Wazungu na Waafrika, walifanya vivyo hivyo kwa muda mrefu. Mstari umebaki mahali pake, na pengine ni kheri ubaki, maana kuuhamisha kungemwaga damu nyingine. Lakini anayeishi juu yake bado anastahili kuulizwa, na akishajibu, asikilizwe.